Tairi la Mbele, Tairi la Nyuma

Esperansi alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimekaa uani kwenye kigoda nachambua maharage. Hakunisalimia. Alisema tu, "Adela, Daktari ametutoka," nami sikuuliza daktari yupi, ingawa tangu niajiriwe nimepita chini ya madaktari wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka kwa majina. Kwetu sisi wawili Daktari alikuwa mmoja: Sikalumba, mganga mfawidhi wa zahanati ndogo ng'ambo ya Kasokola, mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ambayo wagonjwa walidai inatosha kushusha homa. Nilifanya kazi chini yake mwaka mmoja tu. Nimeshaota mvi za kwanza, nimehamishwa mara kadhaa, nimewafundisha wauguzi ambao sasa ni wakubwa zangu, lakini mtu akiniuliza ni wapi nilijifunza kazi hii, mdomo hunitangulia na kuutaja mwaka ule. Esperansi aliniuliza kama nitakuja kuzika. Nikamwambia nitakuja. Akasema, "Yule mzee alikutoa jasho, dada," na nilipokata simu nikakuta mkono wangu wa kushoto umeshikilia kifundo cha mkono wa kulia, kama ninavyofanya kila nikiingiwa na wasiwasi.

Mwaka ule lami ilikuwa bado mpya Mpanda mjini. Watoto wa mtaa wetu wa Kawajense walikuwa wakitoka jioni kuikanyaga kwa miguu mitupu ili wasikie joto lake. Mimi niliishi Kawajense kwa sababu upepo ulikuwa umeng'oa paa la nyumba ya muuguzi kule kijijini, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kulirudisha. Kila siku ya kazi nilitoka mjini kwa baiskeli. Siku za Jumatano nilianza kwanza kwa kupita kwenye chumba baridi cha wilaya kuchukua chanjo, maana friji la zahanati lilikuwa limekufa na pikipiki yetu ilikuwa imelala kwa fundi tangu kabla sijafika. Bodaboda walikuwepo, lakini zahanati haikuwa na fungu la kuwalipa kila wiki, na masika yakishika wengi wao walikataa kabisa kuvuka mbuga. Kwa hiyo boksi la chanjo, lile la buluu lenye vipande vya barafu ndani, lilifungwa kwa mpira kwenye karia nyuma yangu, nami nikakanyaga. Njia yenyewe ilikuwa kama njia nne zilizoungwa. Ilianza lami, laini, yenye malori. Lami ilikatika ghafla, pakaanza moramu ngumu yenye vijituta vilivyopangana kama bati la paa, vinavyotingisha meno mdomoni. Baada ya Kasokola ukaja mchanga wa mto mkavu, ule unaomeza gurudumu. Mwisho kabisa ilikuwa mbuga, udongo mweusi, ambao kiangazi hupasuka kwa nyufa na masika hugeuka gundi. Zahanati ilikaa kwenye kilima kidogo katikati ya mbuga hiyo, na upande wake wa pili, mbali zaidi, ndiko walikokaa wafugaji na ng'ombe wao.

Chumba chetu, mimi na Esperansi, kilikuwa cha tatu kwenye nyumba ndefu isiyo na dari. Ukuta uliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na kutoka hapo mpaka kwenye bati ilikuwa hewa ya wote. Tulijua wapangaji wa chumba cha kulia wamekosana kwa sababu ya shemeji, na tulijua wamepatana. Esperansi alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Katumba, binti wa wazazi waliovuka kutoka Burundi wakiwa na watoto mgongoni, na kila mwisho wa wiki aliendesha baiskeli yake kwenda kumwona mama yake. Alirudi na unga wa muhogo, maharage na habari. Jiko letu la mkaa tuliliweka kwenye korido, na nikiufikiria mwaka ule harufu ya kwanza kunijia ni ya samaki, migebuka iliyokaushwa ikichemka na nyanya, Esperansi akiwa ameinamia sufuria huku pini za kushonea zikiwa bado zimebanwa mdomoni. Alikuwa na tabia ya kuongea bila kuzitoa. Nilikuwa nikimsikiliza kwa hofu mbili, hofu ya atakachosema na hofu ya pini.

Shida ilianza kiangazi. Matairi ya baiskeli ya zahanati yalikuwa yamelika mpaka yakawa na upara, na moja lilikuwa limeshonwa ubavuni kwa uzi wa nailoni. Jumatano moja, nikiwa nimeshapita Kasokola, mwiba ulipenya tairi la nyuma, na nilipokuwa naziba, nikagundua tyubu imechanika hapo hapo kwenye kiraka cha zamani. Nilisukuma baiskeli kwa miguu, juani, boksi likilia maji ndani badala ya kugonga barafu. Nilipofika, benchi la nje lilikuwa tupu. Kinamama walikuwa wamesubiri, wamenyonyesha, wamesubiri tena, wakaondoka. Miongoni mwao alikuwa Mama Kulwa, mke wa mfugaji mmoja wa Kisukuma, aliyetembea tangu alfajiri na mapacha wake, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, kutoka ng'ambo ya mbuga. Daktari Sikalumba alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Shikamoo, Daktari."

"Unaona benchi hilo?"

"Naliona. Tairi lilipasuka, nika—"

"Sikukuuliza tairi. Yule mama wa mapacha nilimbembeleza wiki tatu aje. Mumewe hataki. Leo amekuja, amekuta hakuna. Unafikiri Jumatano ijayo mumewe atamwambia nini?"

Nilifungua boksi, nikazitazama chupa. Juu ya kila chupa kuna kidoa cha mviringo chenye mraba mweupe katikati, na joto likizidi mraba huo hutiwa giza kidogo kidogo mpaka usiweze kuutofautisha na duara lake, na hapo chanjo ni ya kutupa. Kwa saa chache mraba haubadiliki sana, hilo nilifundishwa na nikalijibu kwenye mtihani, lakini woga hausomi kitabu. Nilizitazama chupa zile moja baada ya nyingine kwenye mwanga wa dirisha, na kila moja niliiona imetiwa giza. Daktari alinipokonya ile ya mwisho, akaitazama, akasema, "Nzima," akaondoka. Mama Kulwa hakuja Jumatano iliyofuata, wala ile nyingine.

Kamati ya zahanati ilikaa, ikakubali kununua matairi mapya. Jozi moja. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuwa mtu mpole na mwoga wa lawama, alitangaza mbele ya wote kwamba jozi nyingine isitegemewe mpaka tumbaku iuzwe, na tumbaku ingeuzwa masika yakiwa yamekwisha. Siku hiyo hiyo, nikiwa stoo nahesabu bandeji, niliwasikia yeye na Daktari wakizungumza upande wa pili wa ukuta. Mwenyekiti alikuwa anauliza kama kweli mwanamke ataivuka mbuga kwa baiskeli wakati wa mvua. Daktari akasema, polepole, kama anayesoma majibu ya maabara, "Huyu binti hatamaliza masika. Nimeomba waniletee mwanaume. Wakimleta sawa, wasipomleta tutafunga chanjo mpaka mwezi wa tano." Nilibaki nimeshikilia bandeji kifuani. Sikulia. Niliona aibu tu, aibu ya moto, na chini ya aibu hiyo nikaona kitu kigumu ambacho sikujua ninacho. Wakati huo tetesi za surua zilikuwa zimeanza kusikika kutoka kwenye makambi ya wafugaji. Kufunga chanjo kulikuwa na maana ambayo yeye aliijua kuliko mimi.

Kesho yake akaniita ofisini. "Matairi utachagua mwenyewe," akasema. "Wewe ndiye utakayeyapanda. Ushauri wangu, chukua membamba, laini. Zaidi ya nusu ya njia yako ni lami na moramu. Unahitaji mwendo. Ila ukichagua vibaya, usije ukanielezea tena habari za tairi."

Jioni hiyo nilimweleza Esperansi. Akatema pini zote kiganjani, jambo ambalo alilifanya mara chache sana. "Laini? Yoo, Mana yanje, Mungu wangu! Huyo Daktari anataka kukuua. Mtu wa Katumba haendi porini na tairi la upara. Chukua yenye meno, mbele na nyuma, kama yangu. Meno yanauma udongo."

"Lakini yako kwenye lami yanavuta."

"Yanavuta, ndiyo. Utafika umechoka. Si utafika?"

"Nikifika nimechelewa, kinamama wameshaondoka. Nimefika wapi hapo?"

Mpangaji wa chumba cha kushoto, ambaye hatukuwahi kumkaribisha kwenye mazungumzo, akasema kutoka juu ya ukuta kwamba Daktari ana haki, lami ni mwendo. Mke wake akamwambia anyamaze, yeye hata baiskeli hajui kupanda. Tulicheka mpaka uji ukafurika, lakini nilipolala sikuwa nacheka tena. Nilikuwa nazihesabu hatari. Tairi laini lingenifikisha haraka mpaka mtoni, halafu? Lenye meno lingenivusha mto, lakini je, nitafika mtoni nikiwa na pumzi?

Niliomba baiskeli ya Esperansi siku mbili, niijaribu. Kwenye lami meno yaliunguruma kama mzinga uliogongwa, na nilikanyaga kama mtu anayepanda mlima usioonekana. Nilifika kazini jua limeshapanda. Lakini mchanga niliuvuka bila kushuka. Siku ya tatu nikarudia matairi yetu ya upara, ambayo yalikuwa laini kuliko laini yoyote ya dukani, nikafika mtoni mapema, na pale kwenye mchanga gurudumu la mbele likakatika upande, nami nikaenda chini kwa bega. Nilikaa mchangani nikipangusa mdomo. Nilikuwa nimeanguka pale mara nyingi mwaka huo, na sasa, kwa mara ya kwanza, nilijiuliza nimeangukaje. Kila mara lilikuwa la mbele. La nyuma lilikuwa likiteleza kila siku, likipiga huku na huku kama mkia, na sikuwahi kuanguka kwa ajili yake. Nilikanyaga tena, nikaendelea. La mbele likiteleza umekwisha, hata miguu haisaidii. Na uzito, mimi na boksi, wote tulikaa juu ya la nyuma, kwa hiyo hilo ndilo lililonichosha kwenye lami.

Muuza vipuri sokoni alinitazama kama niliyeomba kununua nusu ya kuku aliye hai. "La mbele lenye meno, pana, na la nyuma lenye mstari laini katikati?" akasema. "Dada, nani anavaa buti mguu mmoja na ndala mguu mwingine?"

"Mimi."

"Nikikuvunjia jozi mbili, zilizobaki nitamuuzia nani?"

"Mwingine anayekwenda ninakokwenda."

Alicheka, akaniuzia, kwa manung'uniko. La nyuma halikuwa laini kabisa: katikati lilikuwa na ukanda usio na meno wa kuteleza vizuri kwenye lami, na pembeni lilikuwa na vijimeno vidogo. Nilimwambia pia atoe madigadi yote mawili, maana nilikuwa nimeona mwishoni mwa masika yaliyopita, nilipofika, jinsi tope la mbuga linavyojaa kati ya digadi na tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Nikanunua pampu ndogo ya kufunga kwenye fremu. Mpango wangu ulikuwa kujaza upepo mpaka tairi liwe gumu kwa ajili ya lami, kisha nikifika mtoni nipunguze, tairi lilale kidogo, litanue mguu wake juu ya mchanga. Daktari alipoiona baiskeli aliizunguka mara moja. "Hii ni baiskeli au ni nguo ya viraka?" akauliza. Wagonjwa kwenye benchi walicheka kwa adabu. Mimi niliinama nikajifanya natazama spoku.

Mvua zilikuja, na surua ikaja nazo. Mtoto wa kwanza aliletwa akiwa na macho yaliyofungwa kwa usaha, wa pili akiwa hawezi kunyonya. Nyumbani Esperansi aliacha kunitania. Asubuhi alinifungia viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa, akanikagulia breki mwenyewe, akasimama mlangoni mpaka nimepinda kona. Sikuwa na usingizi mzuri. Mvua ikigonga bati nilikuwa nasikia njia yote, kipande kwa kipande, ikiharibika.

Jumatano ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mvua tangu kulipokucha. Chumba baridi walinipa boksi lililojaa kuliko kawaida, kwa sababu Daktari alikuwa ametuma ujumbe kwamba kinamama watakuwa wengi. Karibu na mwisho wa lami lori la mizigo lilinijia kwa nyuma, nikasikia honi, nikasikia maji yakipasuliwa, na nikajua dereva hana nia ya kunipisha kwa sababu mbele yake kulikuwa na lori lingine. Nilitoka barabarani. Ukingo wa lami pale ulikuwa umemomonyoka na kuacha ngazi, chini yake kokoto na matope. Gurudumu la mbele lilishuka kwenye ngazi ile, nikalisikia likitafuta, likitafuta, kisha likauma. Baiskeli ikasimama wima. Lori likapita na upepo wake ukanivua kilemba. Nilikaa pale, mguu mmoja chini, nikipumua kwa mdomo wazi, nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikapanda tena.

Mtoni maji yalikuwa bado ya magotini, nikavuka. Lakini mbuga haikunihurumia. La mbele lilishika kila mahali nililolielekeza, na la nyuma, lile la ukanda laini, likajaa tope likawa laini kama tango. Nilikanyaga, gurudumu likazunguka mahali pamoja. Nilishuka, nikasukuma. Kwenye mteremko mdogo kabla ya kilima nilijaribu kupanda tena kwa sababu nilikuwa nimechelewa, la nyuma likakimbilia upande, nami nikaanguka juu ya mkono wa kulia ili boksi lisigonge chini. Nilisikia kitu ndani ya kifundo kikilia kwa sauti ndogo, kavu. Nilifika zahanati nikisukuma baiskeli kwa mkono mmoja. Benchi lilikuwa limejaa. Walikuwa wamejaa mpaka barazani na chini ya upenu, wamefunika watoto kwa khanga na mablanketi. Daktari alifungua boksi mwenyewe. Barafu ikagonga. Alinitazama usoni, akautazama mkono wangu uliokuwa unavimba, akaufunga kwa kipande cha mbao na bandeji, kwa upole ambao sikuutegemea. "Utaandika majina kwa kushoto?" "Nitaandika." Tukaanza.

Tulipokaribia kumaliza, mchungaji mmoja alifika akiwa amelowa mpaka kifuani. Alisema korongo la upande wa pili limejaa, familia za ng'ambo haziwezi kuvuka na watoto. Alisema pia kwamba kwa Mama Kulwa mtoto mmoja, Doto, anachemka na ametoka vipele. Kulwa bado. Daktari alimwuliza maji yanafika wapi. Mchungaji akaonyesha kifua chake. Mwenyekiti, aliyekuja kuangalia foleni, akasema labda wasubiri maji yapungue. "Yakipungua lini?" Daktari akauliza. "Kesho? Kesho kutwa?" Nami nikasema, "Nitaenda," na nilikuwa namaanisha, ingawa sikujua ningeishikaje hendeli.

"Kaa chini," Daktari akasema. Alikwenda ndani, akarudi amekunja suruali. Chupa ambazo hazijafunguliwa alizirudisha kwenye boksi, akaongeza matone ya vitamini A na dawa za homa. Alikuwa mtu wa milimani, Ufipa, na sote tulijua kwamba hajui kuogelea. Alipokuwa akilifunga boksi kwenye karia niliiona mikono yake. Ilikuwa inatetemeka. Mpira ulimponyoka, akauokota, ukamponyoka tena. Nilikwenda nikaubana kwa kidole cha mkono mzima, akafunga juu ya kidole changu.

"Punguza upepo ukifika kwenye tope," nikamwambia. "La mbele uliamini. La nyuma usiliamini."

"Sawa," akasema. Hakuwahi kuniambia sawa kabla ya hapo.

Aliondoka na yule mchungaji akimtangulia kwa miguu. Nilikaa barazani na mwenyekiti. Mvua ilikatika, ikaanza tena. Kinamama wengine hawakuondoka, walikaa wakitazama upande ule ule tuliotazama sisi. Mmoja alikuwa na viazi vya kuchoma akanipa, nikavishika mpaka vikapoa. Mwenyekiti alianza kuongea peke yake: kwamba angemtuma kijana, kwamba mtu mzima kama yule, kwamba wilaya watauliza. Nikamwomba anyamaze. Nilikuwa naliona lile tairi la nyuma. Mimi ndiye niliyelichagua, na sasa mtu asiyejua kuogelea alikuwa juu yake.

Walirudi mchana umeshageuka jioni, jua likiwa limejitokeza chini ya mawingu. Kwanza tuliona kofia ya mchungaji. Kisha tukaona baiskeli, na juu ya karia Mama Kulwa ameketi upande, Doto amefungwa kifuani, Kulwa mgongoni, na Daktari anasukuma, tope mpaka kwenye nyusi. Boksi lilikuwa kichwani kwa mchungaji. Walipokaribia nikaona kitu cha ajabu: tairi la nyuma lilikuwa limezungushiwa kamba za magome ya miti ya porini, zile wanazofungia mizinga, mafundo kwa mafundo, zimepitishwa katikati ya spoku. Breki ya nyuma alikuwa ameifungua ili zisikwame. Kwenda walivuka korongo maji yakiwa kifuani, mchungaji alisema, lakini wakirudi yalikuwa yameshuka mpaka magotini.

Mama Kulwa alishuka. "Mwangaluka," akasema, ingawa asubuhi ilikuwa imekwisha kitambo, na hapo ndipo akaanza kulia. Tulimlaza Doto, tukampa vitamini, tukampooza kwa maji. Kulwa na watoto wengine wa kule walikuwa wameshachanjwa, Daktari amewachanja wote akiwa amepiga magoti kwenye zizi. Siku mbili Doto alilala bila kufungua macho, na siku mbili hizo sikurudi Kawajense. Esperansi alikuja mwenyewe kunitafuta, akavuka mbuga kwenye meno yake mbele na nyuma, na kikapu cha chakula, akaniambia, "Nilikuambia, sikukuambia?" kisha akanikumbatia kwa uangalifu kwa sababu ya mkono. Asubuhi iliyofuata Doto alisema "mabele", maziwa, kwa sauti ya kukoroma, na mama yake akatoka nje akakimbia akitafuta kikombe ambacho alikuwa amekishika mkononi.

Jioni ya siku ile ya kwanza, baada ya kunawa, Daktari alikula nasi mkekani. Alikuwa hajawahi. Ugali ulikuwa na mlenda, na mikono yake sasa ilikuwa imetulia. "La nyuma halifai," akasema. "Halifai kabisa. La mbele ni sahihi."

"Nimeliona, Daktari."

"Mwenyekiti nilimwambia hutamaliza masika."

"Nilisikia. Nilikuwa stoo."

Akaacha kutafuna. Akamega tonge lingine, akalibonyeza muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Basi," akasema, "ungeniambia. Ningelisema mbele yako." Huo ndio msamaha alioomba, na niliukubali. Masika niliyamaliza, kamba za magome zikiwa kwenye tairi la nyuma kila Jumatano, nikizifunga nikifika mbugani na kuzifungua nikirudi kwenye moramu. Mwanaume aliyeombwa hakuletwa. Mwaka wangu ulipotimia nilihamishwa, na Daktari akaniaga kwa kunipa mkono, huku akimwangalia mgonjwa mwingine.

Tulimzika juzi. Esperansi alinishika mkono njia nzima, ananenepa sasa, anapanda ngazi kwa kupumzika. Watu walisimama mmoja mmoja kumzungumzia marehemu. Wote walisema alikuwa mkali, mchapakazi, hakuogopa mtu wala kitu. Nilimwona mjane wake, mama mdogo wa mwili aliyefunikwa kitenge mpaka kwenye paji, akitazama chini kila neno hilo liliposemwa. Mshereheshaji akauliza kama yupo aliyefanya naye kazi zamani. Sikuwa nimepanga. Nilisimama, nikasema jina langu, nikasema nilikuwa muuguzi wake mwaka mmoja, na kwamba mwaka mzima nilimwogopa. Watu wakacheka kidogo. Nikasema, "Wamesema hakuogopa. Mimi nilimwona anaogopa. Maji yalikuwa yamejaa, na mikono yake ilitetemeka mpaka akashindwa kufunga mpira wa baiskeli. Halafu akaenda." Nikakaa.

Mjane aliinua uso. Alinitafuta kati ya watu mpaka akaniona, na hakuondoa macho yake kwangu hata walipoanza kushusha jeneza.